Sura ya Sita: Singe, Nyuma ya Lami

Mwishoni mwa Aprili 2018, pale Bicha wilayani Kondoa, Rais John Magufuli alifungua barabara ya lami inayounganisha Dodoma na Babati. Ni kilomita 251, zilizojengwa kwa vipande vinne: Dodoma hadi Mayamaya 43.65, Mayamaya hadi Mela 99.35, Mela hadi Bonga 88.8, na Bonga hadi Babati 19.2. Aliyeipita njia ile enzi za vumbi hahitaji kuelezwa maana ya tarakimu hizo. Basi lilifika kwa majaliwa, na masika yakikolea abiria walishuka wakasukuma. Siku hizi mtu anakunywa chai Babati, anakula chakula cha mchana Dodoma.

Kwa mwendesha baiskeli neema hiyohiyo ina upande wa pili. Lami haina mashimo, na dereva asiye na shimo la kukwepa haoni sababu ya kupunguza mwendo. Malori, mabasi yanayofukuzia muda, na zile Noah tunazoziita michomoko, vyote vinakupita ubavuni, na upepo wa lori peke yake unatosha kukutupa mtaroni. Bega la barabara lipo, ila ukikaribia kijiji utakuta limeshachukuliwa: meza ya vitunguu, pikipiki zinazosubiri abiria, mbuzi wawili watatu, na mzee aliyeweka kiti chake hapo apunge upepo. Huwezi kumlaumu yeyote kati yao. Hawana pengine pa kukaa, na wewe huna pengine pa kupita.

Au ndivyo inavyodhaniwa. Sura hii ni ya wale waliochoka kudhani hivyo. Babati ina mtandao mkubwa wa njia zisizopitwa na gari hata moja, na mahali pazuri pa kuanzia ni Singe.

Singe ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Babati. Kwenye karatasi ni mji. Kwa macho ni mahali ambapo mji na shamba bado havijaamua nani amhame mwenzake: nyumba za matofali ya kuchoma, katikati yake robo eka ya mahindi na mbaazi, kiwanja chenye mawe ya mipaka na ng'ombe aliyefungwa humo humo, duka la vocha, kanisa, mashine ya kusaga. Juu ya yote hayo upo Mlima Kwaraa, mita zipatazo 2,400 kutoka usawa wa bahari, msitu wake ukishika mawingu asubuhi hata siku ambazo tambarare nzima ni kavu. Mgeni akipotea kwenye vijia vya huku anainua macho, anautafuta mlima, anajua alipo. Simu ikizima chaji hapotezi kitu.

Kabla hatujapanda, nikupeleke kwanza Ufaransa, maana huko ndiko jambo hili limefikiriwa hadi likawa sheria.

Mwaka 1997, katika mkoa wa Saône-et-Loire kule Burgundy, nchi ya vilima vya mizabibu na ng'ombe weupe, wenyeji walifungua njia ya kilomita 44 kati ya miji midogo ya Givry na Cluny. Hawakuchonga njia mpya. Walichukua tuta la reli iliyokufa, wakaling'oa mataruma, wakalisawazisha na kuliwekea lami nyembamba, kisha wakafunga milango yake kwa vigingi ili gari lisiingie. Ufaransa ilikuwa imejaa reli za namna hiyo. Mwaka 1879 waziri wa ujenzi, Charles de Freycinet, alipitisha mpango wa kupeleka garimoshi hadi wilaya za mbali kabisa. Halafu karne ya ishirini ikaleta malori na magari ya watu binafsi, na reli zile ndogo zikafungwa moja baada ya nyingine. Yakabaki matuta yao, madaraja yao na vituo vyao, vyote vikiota majani.

Sasa, reli ina siri moja ambayo kila mwendesha baiskeli anapaswa kuijua. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishiki vizuri, kwa hiyo garimoshi haliwezi mlima mkali. Mhandisi wa reli anapokutana na kilima anakizunguka, anakikata, au anakitoboa, ili njia isipande zaidi ya mita mbili tatu kwa kila mita mia. Matokeo yake, mtu wa makamo mwenye mizigo kwenye keria anaweza kuvuka nchi yote ya vilima bila kushuka kusukuma. Anaviona vilima kushoto na kulia, lakini miguu yake haina habari navyo. Kusini ya Cluny njia hiyo inaingia katika handaki la Bois Clair, urefu wake kama kilomita moja na nusu, na majira ya baridi handaki hufungwa ili popo walale bila bughudha.

Mbali na reli wana mifereji. Mfereji wa Midi ulifunguliwa mwaka 1681, na kandokando yake kuna njia waliyopita farasi wakivuta mashua kwa kamba. Farasi hawapo tena, baiskeli zimerithi. Kando ya mto Loire kuna njia ya kilomita zipatazo 900. Lakini jambo ninalotaka ulishike katika habari hii yote ni la mwaka 2004, pale sheria ya barabara ya Ufaransa ilipoitambua njia ya namna hii kuwa aina ya barabara inayojitegemea, yenye alama yake, ya waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa farasi, na chombo cha moto ni marufuku. Tangu hapo si hisani ya diwani. Dereva anayeingia humo ana kosa, kama anavyokuwa na kosa akipita taa nyekundu.

Sisi Babati hatuna reli iliyokufa, kwa sababu hatujawahi kupata iliyo hai. Waliowahi kuwa nayo ni ndugu zetu wa kusini: ile iliyojengwa baada ya vita kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, kutoka bahari ya Mtwara hadi Nachingwea, ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Mtu mwenye nguvu za ofisi akitaka kuiga Burgundy, aanzie huko.

Huku kwetu mhandisi alikuwa ng'ombe.

Silisemi hili kwa mzaha. Mwangalie ng'ombe anayetoka zizini kwenda mtoni akiwa ameshiba au ana mimba: hapandi kilima uso kwa uso. Anakipanda kimshazari, anafuata ubavu, anatafuta mahali korongo lilipo jembamba, anavuka hapo. Kundi likipita alikopita wa kwanza, mwaka baada ya mwaka, inakuwa njia ngumu kama sakafu, upana wake hatua mbili tatu, yenye mwinuko ambao Mfaransa angehitaji dira na mnyororo wa kupimia kuupata. Wagorowa, ambao ndio wenyeji wa miguu ya Kwaraa, na Wambulu waliowafuata, na Wabarbaig wa upande wa Hanang, wote ni watu wa mifugo. Wamechora ramani ya wilaya hii kwa kwato kabla mtu yeyote hajaichora kwa wino. Katikati ya njia kuu hizo vimejazia vijia vya punda wa maji, vya watoto wa shule, vya kina mama waendao mashineni na vya mtu anayekata kona kwenda kilabuni. Hakuna hata kimoja kinachopitika kwa gari. Hicho ndicho tunachotafuta.

Mzunguko ninaoupenda zaidi unatoka Singe na kuelekea Gallapo, mlima ukiwa mkono wa kushoto. Barabara ya Gallapo ipo, yenye pikipiki na malori yake ya mazao. Wewe iache chini. Panda kidogo mpaka yalipo mashamba ya mwisho chini ya msitu, ndipo utakutana na njia ya mifugo inayofuata tumbo la mlima. Udongo wa huku ni mwekundu, unanyonya maji upesi, na hata siku ya pili baada ya mvua unaendesheka. Njia inapanda kidogo, inashuka kwenye kijikorongo chenye mawe, inapanda tena, na kila unapotoka kwenye korongo unaiona tambarare imekunjuka mbele yako kuelekea Tarangire, kijani Machi, rangi ya simba Septemba. Juni na Julai utapita katikati ya mbaazi zilizokuzidi urefu, ukisikia watu wakiongea ndani yake bila kuwaona. Mbaazi za Babati zimesafiri kuliko wengi wetu. Soko lake kubwa ni India, na wakulima wa huku wanaijua bei ya huko kuliko wanavyoijua bei ya nyanya Arusha.

Ukifika kwenye mpaka wa msitu usijaribu kukata kupitia ndani. Ni hifadhi, na ruhusa huombwa kwa wenye dhamana ya misitu. Ufiome ndilo jina lililokuwa kwenye ramani za Wajerumani, la mlima huu na nchi inayouzunguka, na msitu umebaki nalo. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Jenerali Jaap van Deventer, waliteremka kutoka upande wa Arusha, wakaiteka Ufiome, wakaendelea hadi Kondoa. Masika yaliwakuta njiani, na farasi wao wakafa kwa mamia, kwa maradhi na kwa kuchoka. Ukiwa umekaa hapo juu unakula karanga zako, jaribu kuwaona. Nchi hii haikuwafaa farasi. Baiskeli haiumwi mbung'o.

Inaumwa mbigili. Kila mtu atakayeendesha Babati baada ya mvua kukatika atajifunza mmea huu: unatambaa chini, una ua dogo la manjano, na tunda lake likikauka linapasuka vipande vyenye miba ambavyo, vyovyote utakavyovirusha, vinasimama mwiba mmoja ukiangalia juu. Unakaa hasa pale ng'ombe walipokanyaga majani yakaisha, yaani hasa kwenye njia tunayoisifia.

Ndiyo maana fundi baiskeli wa pale Singe hakosi kazi. Kijiwe chake ni mti, benchi, beseni la maji na kipande cha bati lenye spana. Anapindua baiskeli, inasimama kwa usukani na siti. Anatumia vishikio viwili vya vijiko kulitoa tairi kwenye rimu, anachomoa tyubu, anaijaza pumzi, anaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande mpaka viputo vionekane. Halafu anaiacha. Kijana mwenye haraka angeziba hapo hapo. Fundi anaingiza vidole viwili ndani ya tairi na kuvizungusha taratibu, mzunguko mzima, macho ameyafumba. Alichokuwa anakitafuta kinamchoma, anatabasamu, anakitoa kwa koleo.

"Mwiba kwanza, kaka," anasema. "Ukiziba tundu ukauacha mwiba, umejipangia pancha ya kesho."

Ndipo anaikwangua tyubu kwa msasa, anapaka sulisheni, anapuliza, anasubiri ikauke hadi isinate kidoleni, anabandika kiraka alichokikata kwenye tyubu kuukuu, anakigonga kwa mpini wa spana. Mimi sijaona duka la Dar es Salaam linalofanya kazi hiyo kwa utulivu kama huo. Mwangalie mara moja, kisha nunua sulisheni yako, msasa wako na pampu yako, maana huko juu mlimani hakuna mti wenye fundi chini yake.

Kuhusu baiskeli yenyewe nitasema machache, kwa sababu watu hutumia baiskeli wasiyonayo kama kisingizio cha kutokwenda. Phoenix ya China, ile ya chuma yenye keria ya kubebea gunia, inakwenda kila mahali nilipopataja, ila kwenye miinuko utashuka usukume, na si aibu. Baiskeli za mtumba zenye gia na tairi pana zinapatikana Arusha na hata mnadani, na kwa njia za mifugo ndizo zinazofaa zaidi. Kagua breki na fremu kabla ya kukagua rangi. Tairi usilijaze likawa jiwe. Likibonyea kidogo chini ya kidole gumba linameza kokoto na halirukiruki. Mizigo iwe midogo na ifungwe kwa mpira wa tyubu. Maji lita tatu kwa mtu, kwani bomba la kijiji linaweza kuwa limefungwa siku utakayolihitaji.

Majira yanaamua kila kitu. Juni hadi Oktoba njia ni kavu, lakini mchana upepo wa mashariki unaamka, na ukirudi nao usoni utaujua umri wako. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia Novemba mvua zinaanza, na hapo jihadhari na mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni. Ukiwa mkavu una nyufa za kumeza gurudumu. Ukiwa umelowa unanata kwenye tairi, unajaa kwenye uma, unalifunga gurudumu kabisa, na utaibeba baiskeli begani ikiwa na uzito mara mbili. Wenyeji wanauzunguka. Ukiona njia ya ng'ombe imejipinda ghafla bila sababu mahali patupu, usiinyooshe kwa akili zako. Chini pana mbuga.

Ziwa Babati nalo lina vijia vyake, vizuri kwa jioni ya mtu asiye na muda wa mlima. Unapita kati ya bustani za mboga na mitumbwi ya wavuvi wa kambale na perege. Tatizo la jioni ni kwamba ndiyo saa ya viboko. Wanalala majini mchana kutwa, giza likiingia wanapanda kula majani na mahindi ya watu, na kijia unachokipita wewe ndicho wanachokipita wao. Uwe umeshaondoka ufukweni kabla jua halijazama. Upande wa magharibi, Dareda, kuna ukuta wa Bonde la Ufa na barabara inayopanda kwenda Bashnet na Mbulu. Ni kwa wenye mapafu. Upande wa kaskazini, kuelekea Magugu na Kwa Kuchinja, tambarare ni nzuri na mashamba ya mpunga yanapendeza, ila hapo ni ushoroba wa wanyama kati ya Tarangire na Manyara, na tembo hasikii kengele. Huko nenda na mwenyeji au usiende.

Kuna adabu za njia hizi, na ni muhimu kuliko gia. Njia ya ng'ombe si mali yako, wala haiko mbali na watu. Inapita nyuma ya jiko la mtu, pengine katikati ya uwanja wa nyumba yake. Hapo shuka, ongoza baiskeli kwa mkono, toa shikamoo kwa wakubwa, uliza njia hata kama unaijua. Swali hilo ndiyo hodi yako. Ukikuta watu wamekaa chini kimya na maturubai yamefungwa, ni msiba; shuka, toa pole, pita polepole. Ukikutana na kundi la ng'ombe usipige kengele wala kujipenyeza. Simama pembeni, mwache mchungaji alipitishe, hata kama mchungaji mwenyewe ana umri wa miaka tisa. Ndiye mwenye barabara. Mtoto huyo huyo ndiye atakayekuambia korongo gani limebomoka na kijia gani kina mbwa mkali, na taarifa zake zitakuwa sahihi kuliko za simu.

Wenzetu wa jirani wameshaanza kuona thamani ya njia za namna hii. Rwanda wana njia ya kilomita 227 inayofuata vilima vya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, ya watembea kwa miguu na baiskeli, na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kenya wanaruhusu baiskeli ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, ukapita mita chache tu kutoka kwa pundamilia. Hapa kwetu Mto wa Mbu wamewatembeza wageni kwa baiskeli kwenye mashamba ya ndizi kwa miaka mingi, na vijana wanapata riziki. Babati, kila mwaka, lilikuwa linapita kundi la wale wanaotoka Cairo kwenda Cape Town kwa baiskeli, safari iliyoanza mwaka 2003. Walipita vumbi letu wakilaani, wakalala, wakaondoka. Hakuna aliyewaambia kwamba mita mia mbili kutoka kwenye ile barabara iliyowatoa machozi kulikuwa na njia laini.

Lakini nisiwasifie ng'ombe mpaka nikakupotosha. Hatari ya kwanza ni kwamba njia ya kwato isipotunzwa inajichimba. Kwato zinasaga udongo, mvua inaubeba, mwaka unaofuata njia imeshuka kiganja, baada ya miaka kumi ni mfereji, baada ya ishirini ni korongo la kumeza nyumba. Ukitaka kuona mwisho wa hadithi hiyo, endelea kusini mpaka vilima vya Kondoa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Miti imerudi, majani yamerudi. Familia nyingi zilipoteza maziwa yao, na wazee wa Kondoa hawajalisahau hilo. Dawa ni ndogo ikiwahiwa: mitaro midogo ya mshazari inayoyatoa maji njiani kila baada ya hatua chache, na kundi kuhamishiwa njia ya pili wakati ya kwanza ikipumzika. Wazee wa Kigorowa wanalijua hilo bila mradi.

Hatari ya pili ni pikipiki. Njia isiyo na gari si njia isiyo na bodaboda, na nani atamkataza kijana anayemkimbiza mjamzito kituo cha afya? Mimi siombi wafukuzwe. Wakipita wachache kwa mwendo wa adabu, njia inatutosha sote.

Hatari ya tatu ndiyo inayonisumbua, na haina kelele. Ni kamba ya kupimia. Singe inapimwa viwanja. Kila mwenye shamba anataka hati, na ana haki. Kila mwenye kiwanja anataka ukuta, na hilo pia halizuiliki. Mpimaji anapokuja anachora barabara za magari, kwa sababu ndizo anazoulizwa. Njia ya ng'ombe haimo kwenye orodha yake. Inagawanywa: mita moja kwa huyu, mita moja kwa yule, katikati ukuta. Ng'ombe wanasukumwa kwenye barabara kuu, watoto wa shule wanafuata, na baiskeli nyuma yao, mpaka tunarudi sote kwenye bega la lami tulikoanzia.

Na sheria za kuizuia hali hiyo tunazo. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Mipango Miji na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Vijijini, mpango wa matumizi bora ya ardhi unaweza kuonyesha mapito ya mifugo kama unavyoonyesha malisho na msitu. Mjini, katika urasimishaji wa makazi, wananchi huketi na mpimaji wakakubaliana njia zipite wapi na kila mmoja aachie kiasi gani. Gharama ya kuacha njia siku hiyo ni mstari mmoja kwenye karatasi. Baada ya kuta kusimama, ni fidia, kesi na ugomvi wa majirani.

Kwa hiyo mtendaji akitangaza mkutano wa mtaa kuhusu upimaji, usimwachie mwenyekiti na watu watatu. Nenda. Mpimaji akiifungua ramani yake, mwonyeshe kwa kidole njia ya ng'ombe inakopita, na usiondoke mpaka ameichora. Mita tatu zinatosha: ng'ombe wawili sambamba, au baiskeli moja na mama mwenye ndoo wakipishana.